Wenye silaha halali waseme hadharani, waache mlango wa nyuma

UKISIMAMA Njia Panda ya Himo alfajiri utaona jinsi fedha inavyotembea. Malori ya mahindi na maharage yanakata kona kuelekea Holili na Taveta, ndizi zinashuka kutoka Marangu na Rombo, na wachuuzi wa tambarare wanapanda na nyanya na vitunguu. Simu za mkononi zimepunguza mzigo wa noti, lakini hazijaumaliza. Mwenye ghala anayefunga hesabu baada ya benki kufungwa hulala na fedha za watu wengi ndani ya nyumba.

Mahali kama hapa bunduki yenye leseni si pambo la ukutani. Mfanyabiashara wa nafaka anaitaka bastola kwa ajili ya safari ya usiku. Mkulima wa tambarare anataka shotgani kwa sababu ya wanyama waharibifu, na kampuni ya ulinzi inaitaka kwa ajili ya lindo. Hawa ndio tunaowazungumzia leo. Majambazi na majangili wana ukurasa wao mwingine katika gazeti hili.

Jambo linalotusukuma kuandika ni kwamba tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, wamiliki hawa wamekuwa wakilalamika bila kukubaliana walalamike vipi. Wapo wanaosema dawa ni kunyamaza: lipa, hakikiwa, na ukikwama mtafute mkubwa unayemfahamu. Wapo wanaosema waende mahakamani. Na wapo wachache wanaosema wenye silaha waungane, waandike madai yao na kuyapeleka mbele ya mbunge na waziri kama wanavyofanya wakulima wa kahawa au wamiliki wa mabasi.

Sisi tuko na hao wachache. Lakini tunakiri kwamba hoja zao zinahitaji kunyooshwa, kwa sababu kuungana bila kujua mnadai nini ni kazi bure.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu ukali wa serikali. Haukuzuka hewani. Tanzania ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, na kabla yake ile ya SADC ya mwaka 2001. Zote zinazitaka nchi zisajili silaha za raia, ziziwekee alama na kuzifuatilia. Mpaka wetu na Kenya hapa Kilimanjaro una vichochoro vingi, na silaha iliyovuka haiulizi pasipoti. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikaporwa. Kama bunduki iliyo ndani ya kituo cha polisi inaweza kuporwa, iliyo chini ya godoro la mwenye duka je? Serikali inapouliza unaiweka wapi silaha yako, inauliza swali la haki.

Wenye silaha nao wana jibu lao, na lina uzito. Agosti 2013 mfanyabiashara wa madini Erasto Msuya aliuawa mchana kweupe Mjohoroni, wilayani Hai, kwa risasi za SMG. Bunduki ya aina hiyo haitolewi leseni kwa raia. Maana yake ni kwamba aliyeamua kuua hakupanga foleni ofisini kuomba kibali. Ndipo wanapouliza: kwa nini kila uhakiki unamsumbua yule ambaye jina lake tayari liko kwenye daftari?

Mwaka 2016 uhakiki wa nchi nzima ulifanyika, ukianzia Dar es Salaam mwezi Machi. Rais John Magufuli mwenyewe alihakikiwa silaha zake mwaka huo, na picha zikatoka magazetini. Ulikuwa ujumbe mzuri kwamba hakuna aliye juu ya zoezi. Lakini mkulima wa bondeni hakufuatwa nyumbani. Alipanda gari hadi mjini na bunduki yake imefungwa kwenye gunia, akiomba Mungu asisimamishwe njiani na askari asiyemfahamu.

Hapo ndipo kero halisi ilipo. Mtu anayeomba leseni huanzia serikali ya kijiji, kisha kata, kisha kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, kisha mkoa, na faili linaishia makao makuu ya polisi kwa msajili wa silaha. Kila hatua ina sababu yake. Mwenyekiti wa kijiji anajua nani ni mlevi na nani anampiga mkewe, jambo ambalo ofisa aliyeko mbali hawezi kulijua. Hatupendekezi hatua hiyo iondolewe, na tungeshangaa kuona mwenye silaha mwadilifu akitaka iondolewe. Tatizo ni faili linalolala. Hakuna anayeweza kumwambia mwombaji limelala wapi wala litaamka lini, na faili lililolala lina tabia ya kuamshwa kwa njia tunazozijua sote.

Hii ndiyo sababu tunaipinga ile njia ya kwanza, ya kunyamaza na kumtafuta mkubwa. Wanaoitetea husema ina busara: suala la silaha ni nyeti, ukipiga kelele utaandikwa jina, na yule mkubwa akikusaidia leo biashara yako inaendelea kesho. Kwa mtu mmoja inaweza kuwa kweli. Kwa kundi zima ni hasara. Kila anayepita mlango wa nyuma anaacha mlango wa mbele ukiwa umebana zaidi kwa anayemfuata. Tena anathibitisha tuhuma kwamba leseni za silaha hupatikana kwa kujuana, na tuhuma hiyo ndiyo inayoleta uhakiki mwingine. Mwenye ghala wa Himo atapata bastola yake. Jirani yake wa Kahe, asiye na mkubwa yeyote, atabaki na filimbi na tochi shambani.

Tunaambiwa pia kwamba nchini kwetu kusema hadharani juu ya mambo ya ulinzi hakusaidii. Historia ya karibu inasema vingine. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Nia ilikuwa njema, tembo walikuwa wanakwisha. Lakini wananchi waliteswa, wengine walipoteza maisha, mifugo iliuawa, na kila mwenye bunduki kijijini alitazamwa kama jangili. Operesheni hiyo haikusimamishwa na mtu aliyenong'ona kwa mkubwa. Ilisimama baada ya wabunge kusimama na kusema, kamati ya Bunge ikachunguza, na Desemba 20 mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Mmoja wao, David Mathayo David, alikuwa mbunge wa Same Magharibi, hapa hapa mkoani kwetu. Waliopata nafuu walikuwa watu wa kawaida, na waliipata kwa sababu malalamiko yalisemwa mahali yanapoandikwa.

Vipi kuhusu mahakama? Wanaoipenda njia hii wanaitazama Afrika Kusini, na tunashauri waitazame hadi mwisho. Nchi hiyo ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha Namba 60 ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Julai 2004. Leseni ya bunduki ya kujilinda ikawa ya miaka mitano, na ya uwindaji miaka kumi, kisha mwenyewe aombe upya kabla haijaisha. Waliochelewa walijikuta wana silaha haramu ndani ya nyumba bila kuwa wahalifu. Chama cha wawindaji, SA Hunters, kilikwenda mahakamani na kushinda Pretoria mwaka 2017, lakini Juni 2018 Mahakama ya Katiba ikafuta ushindi huo na kusema sheria iko sawa. Wiki chache baadaye chama kingine, Gun Owners South Africa, kikapata zuio la muda la kuzuia silaha hizo zisikusanywe. Julai 2020 Mahakama ya Rufaa ikalitupa. Baada ya gharama zote hizo za mawakili sheria ilibaki pale pale.

Kilichofanya kazi huko ni kitu kingine. Mwaka 2021 serikali ilipotoa rasimu ya kufuta kujilinda kuwa sababu ya kupata leseni, vyama ambavyo havikuwa vikisikilizana viliwahimiza watu waandike maoni yao, na maoni yakamiminika kutoka kwa wakulima, wanawake wa mijini na kampuni za ulinzi. Rasimu hiyo haikufika bungeni mwaka huo.

Kwetu njia ya mahakama ni nyembamba zaidi. Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda uhai katika ibara ya 14 na mali katika ibara ya 24, lakini haina neno linalompa raia haki ya kumiliki bunduki. Silaha kwa sheria zetu ni ruhusa inayotolewa kwa masharti. Mwombaji aliyenyimwa leseni bila sababu anaweza kuwa na kesi ya maana. Anayetaka sheria nzima ifutwe kwa sababu inamkera atapoteza ada ya wakili.

Wengine hutuletea mfano wa Marekani, wakidhani huko wenye bunduki wote ni kitu kimoja. Si kweli. Chama chao kikubwa, NRA, kilianzishwa mwaka 1871, na kwa miaka mingi kilikaa meza moja na serikali na kukubali sheria kadhaa za udhibiti. Mei 1977, katika mkutano wake mjini Cincinnati, wanachama waliochoka na maelewano waliuangusha uongozi usiku kucha. Chama kingine, Gun Owners of America, kilikuwa kimeshazaliwa miaka hiyo kikiamini kwamba hata NRA ni laini mno. Mwaka 1986 ilipitishwa sheria iliyowalegezea masharti mengi wenye bunduki, lakini dakika za mwisho kikaingizwa kifungu cha kuzuia raia kununua bunduki mpya za rashasha. NRA ilimeza ndoano hiyo ili samaki asipotee, na hadi leo wapo wasioisamehe.

Hata kesi maarufu ya Heller ya mwaka 2008, ambayo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema kwa kura tano dhidi ya nne kwamba raia ana haki ya kuwa na bunduki nyumbani, ilianzishwa na mawakili wa pembeni, huku NRA mwanzoni ikihofia kwamba muda wake haujafika. Waliothubutu walishinda kwa sababu katiba yao ina kifungu cha kushikia, nasi hatuna. Na ule msimamo wa kutokubali lolote umewagharimu kwa namna nyingine: kila wanapouawa watoto shuleni, mwenye bunduki mwadilifu anawekwa kapu moja na muuaji, kwa kuwa viongozi wake hawakuwahi kusema ni sharti gani wanalikubali.

Mfano unaomfaa mkulima wa Kilimanjaro uko Australia. Aprili 28, 1996 mtu mmoja aliwaua watu 35 Port Arthur, Tasmania. Siku kumi na mbili baadaye serikali ya John Howard na majimbo yote zilikubaliana kupiga marufuku bunduki nyingi zinazojijaza zenyewe, na zaidi ya bunduki 640,000 zikanunuliwa na kuharibiwa. Vijijini hasira ilikuwa kubwa. Tim Fischer, kiongozi wa chama kinachotegemea kura za wakulima na naibu wa Howard, alizomewa na watu wake mwenyewe. Wapo waliotaka akatae kila kitu.

Hakukataa. Na makubaliano yale yaliweka daraja maalumu kwa mwenye shamba. Mkulima anayeonyesha kwamba anaihitaji kwa kazi yake anaweza kupewa leseni ya baadhi ya bunduki ambazo mkazi wa mjini amenyimwa, mradi aeleze sababu ya kweli na aifungie mahali salama. Wapiga shabaha wengi walipoteza bunduki zao, na baadhi yao waliona wakulima wamewasaliti. Inawezekana. Lakini mkulima alibaki na chombo cha kazi.

Tunauleta mfano huu kwa sababu unagusa mgawanyiko ambao hapa Himo haujasemwa wazi. Mfanyabiashara na mkulima hawataki kitu kimoja. Mfanyabiashara anataka bastola ndogo, anataka siri, na hataki kijiji kizima kijue anayo. Mkulima anataka shotgani, au hata gobore la halali, na hana siri yoyote: kijiji chote kinajua ngedere na nyani wako shambani kwake, na wa Rombo, Mwanga na Same wanajua njia anakopita tembo. Wakidai pamoja kwamba sheria ilegezwe, serikali itamwona mfanyabiashara tu, na itakumbuka ugomvi wa baa. Mkulima akidai peke yake kwa sababu ya shamba lake, ana nafasi ya kusikilizwa. Hatuoni aibu kumshauri atangulie.

Asidanganywe lakini kwamba leseni ya bunduki ni leseni ya kuua tembo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua kujihami, lakini aliyemuua mnyama kwa kujihami lazima atoe taarifa, na nyama na pembe si mali yake. Kwa tembo, bunduki ya mkulima ni ya kupiga hewani, na mara nyingi tembo aliyezoea hajali. Kwa hiyo madai ya silaha yaende sambamba na madai ya fidia. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho ziliweka shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka hifadhi, mwisho ekari tano, na shilingi milioni moja kwa familia iliyofiwa. Aliyelima mahindi ya ekari moja kwa mbegu na mbolea za dukani anajua fedha hiyo haifiki hata nusu ya alichotia ardhini. Mkulima anayelipwa vizuri na kwa wakati hana haja kubwa ya bunduki. Hii nayo ni hoja ya udhibiti wa silaha, ingawa inakaa wizara nyingine.

Jirani zetu wa Kenya nao wana la kutufundisha, na Taveta ni mwendo mfupi tu kutoka hapa. Septemba 2013 magaidi walipovamia jengo la Westgate, Nairobi, na watu 67 kuuawa, raia kadhaa wenye leseni waliingia na bastola zao na kuwatoa watu kabla vikosi havijajipanga. Heshima ya wenye silaha ilipanda. Hata hivyo, Desemba 2018 Waziri Fred Matiang'i aliagiza kila raia mwenye leseni ahakikiwe upya ndani ya siku 90. Ushujaa wa wachache haukuwakinga wengi. Wenzetu hao wana chama cha kitaifa cha wamiliki wa bunduki, na chama hicho kimejikita katika mafunzo na mashindano ya shabaha, ili serikali iwaone wanachama wake kama watu waliofundishwa. Si njia ya kelele, lakini ni ya wazi, ina anwani na ina mwenyekiti.

Wazee wetu hapa mlimani walilielewa hili zamani. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga walipounda chama chao cha kahawa, KNPA, walowezi walikuwa wakisema Mwafrika asilime zao hilo. Hawakuomba kila mmoja kwa bwana shamba wake. Walisajili wakulima, wakanunua dawa kwa pamoja, wakaonyesha kwamba mibuni yao haisambazi magonjwa. Walikuwa na ugomvi wao wa ndani, tena mkubwa, lakini KNCU ya mwaka 1933 ilisimama juu ya kazi hiyo.

Basi wenye silaha halali wa Himo na tambarare zake wadai nini? Kwa mtazamo wetu waanze kwa kukubali waziwazi mambo matatu yasiyojadiliwa: usajili, mafunzo na sefu ya chuma. Wakishakubali hayo watakuwa na haki ya kuuliza mengine. Faili lipewe muda wa kujibiwa, na anayenyimwa aandikiwe sababu. Uhakiki ufanyike kwenye vituo vya karibu, siyo Moshi mjini peke yake. Mkulima anayepakana na mapito ya wanyama atambuliwe kama kundi lenye mahitaji yake, na vijiji viruhusiwe kutunza silaha za pamoja chini ya ofisa wa wanyamapori pale ambapo mtu mmoja hawezi kununua.

Mengi ya hayo hayahitaji Bunge. Ada, fomu na taratibu hukaa kwenye kanuni, na kanuni hutungwa na waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Ndani. Barua moja yenye sahihi za wakulima mia mbili wa kata tatu, nakala kwa mkuu wa wilaya na kwa mbunge, ina uzito kuliko safari kumi za kificho. Na sheria ikirudi kurekebishwa, kamati ya Bunge hualika wadau. Aliyekaa kimya hawezi kualikwa, maana hana jina.

Mahali pa kuanzia papo karibu. Umoja wa Afrika umeufanya Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha kila mwaka hadi 2030, na mwaka 2022 serikali yetu ilitoa msamaha wa Septemba na Oktoba. Wamiliki wenye leseni wa Himo wangeweza kumwandikia mkuu wa polisi wa wilaya na kuomba kwamba Septemba ijayo, siku ya soko, meza ya kusalimisha silaha haramu na meza ya kuhakiki za halali ziwekwe pamoja pale Njia Panda, na wao wenyewe wawe wa kwanza kupanga foleni.